Pedeli za kayaki ya kuvulia: shajara ya maboresho, Arusha

11 Januari 2025: Hali ya kuanzia

Kayaki ni ya plastiki, ya kukalia juu, urefu mita 3.7. Ilitoka China, ikapita Dar mikononi mwa mtu mwingine, ndipo ikanifikia. Mbele ya kiti kuna tundu la kutumbukizia mtambo wa pedeli. Juu pedeli mbili kama za baiskeli, katikati nguzo ya aluminiamu yenye shafti ndani, chini kichwa cha gia chenye propela ya plastiki ya mapanga mawili. Gia ni za pembe, yaani zinazogeuza mzunguko kwenye kona, jozi moja juu na jozi moja chini. Pedeli ikizunguka mara moja, propela inazunguka mara kumi kamili. Shika hesabu hiyo, itarudi mbele.

Navua kwa mshipi bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata, perege na kambale. Majaribio nafanyia Ziwa Duluti kwa kuwa ni hapo Tengeru tu, unaomba ruhusa getini, unaingia, na jua halijawa kali umeshamaliza. Lakini Duluti ni maji ya upole, yanasifia kila kitu. Nyumba ya Mungu ndiyo inayosema ukweli. Bwawa lile lilijengwa miaka ya 1960 kukinga maji ya Kikuletwa na Ruvu, na mito hiyo haiji na maji peke yake. Kuna tope laini, kuna visiki, kuna matete pembezoni, na kuna vipande vya nyavu ambavyo mwenyewe hayupo tena.

Malalamiko ya sasa: pedeli zinacheza kushoto na kulia, kichwa cha gia kinalia ukikanyaga kwa nguvu, propela inanasa mara kwa mara, na magoti yanauma nikifika nyumbani. Ninachotaka ni mwendo zaidi, na mtambo usionisumbue. Tuone.

26 Januari: Kichwa cha gia kimefunguliwa

Bolti nne tu, halafu harufu. Mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia na yamekorogwa humo kwa muda mrefu. Beringi ya nyuma, namba 6001, imeshika kutu hadi ukiizungusha kwa kidole inakwaruza. Ya mbele ina nafuu. Gia zenyewe nzima.

Chanzo kilikuwa nyuma ya propela. Kati ya kitovu cha propela na sili ya mafuta (pete ya mpira ambayo mdomo wake unabana shafti) kulikuwa na pete ngumu, nyeupe, upana kama wa punje ya mchele. Nikadhani ni plastiki ya kiwandani. Kuichokonoa kwa sindano, ikaanza kufumuka: uzi wa timba, ule wa nyavu za plastiki zilizopigwa marufuku, umejiviringa zamu baada ya zamu mpaka ukashikana kwa joto la msuguano. Ulikuwa umekata mdomo wa sili pande zote.

Yeyote mwenye propela kwenye bwawa lenye nyavu, avue propela atazame hapo kabla hajasoma zaidi. Uzi hauonekani kwa nje. Propela inazunguka kama kawaida huku maji yanaingia.

Nimenunua beringi mbili za 6001 zenye kifuniko cha mpira pande zote, duka la spea za pikipiki, shilingi 14,000 zote. Sili moja ya 12×28×7, shilingi 4,000.

9 Februari: Sili mpya, uvujaji uleule

Beringi zimeingia vizuri. Sili imeingia vizuri. Duluti asubuhi moja, nikarudi nikafungua: chai ya maziwa tena, nyepesi kidogo.

Nilipeleka kichwa kizima kwa fundi wa kukereza, mtaa wa Unga Limited. Mzee hakuuliza swali. Alifuta shafti kwa kitambaa, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake taratibu, ukucha ukakwama. "Kijana wangu, umebadilisha kiatu, mguu ndio una kidonda." Pale sili ya zamani ilipokuwa inakaa, tope lilikuwa limechimba mtaro mwembamba kuzunguka shafti. Sili mpya ilikaa juu ya mtaro uleule, na maji yakapita chini ya mdomo wake.

Dawa za mtaro ni mbili. Ya bei rahisi ni kusogeza sili milimita mbili au tatu ili mdomo ukae mahali palipo laini. Kwangu haikuwezekana, nafasi ilikuwa ndogo. Ya pili ni kuivisha shafti bomba jembamba la stenlesi. Mzee alikereza bomba lenye ukuta wa milimita 1.5, akalipasha moto, akalisukuma mpaka mahali pake. Shafti ya milimita 12 ikawa 15, na sili ikawa 15×28×7. Kipenyo cha nje hakikubadilika, kwa hiyo nyumba ya sili haikuguswa.

Tukiwa hapohapo tukaongeza kola ya aluminiamu nyuma ya kichwa, ili sili ziwe mbili badala ya moja. Ya ndani mdomo wake unatazama gia, kazi yake kuzuia mafuta yasitoke. Ya nje mdomo unatazama maji, kazi yake kuzuia maji na tope yasiingie. Katikati yake tukajaza grisi. Sili moja yenye mdomo mmoja haiwezi kufanya kazi zote mbili vizuri, na hivyo ndivyo mtambo huu ulivyotoka kiwandani. Mwisho, kikombe kidogo cha chuma kimefungwa kwenye kitovu cha propela kufunika mwanya, umebaki milimita moja, ili uzi ukija ujiviringe nje, usifike kwenye sili.

Kukereza kola, bomba na kikombe: 55,000. Sili mbili: 8,000.

16 Februari: Grisi

Fupi. Nilijaza grisi ya kawaida ya beringi za magari. Ni nzito mno kwa gia. Meno yanachimba njia yake kwenye grisi, kisha yanazunguka makavu huku grisi imekaa pembeni inatazama. Mtambo ukawa mgumu asubuhi na unalia mchana. Mafuta matupu ya gia, SAE 90, nayo yalipanuka juani kayaki ikiwa juu ya gari, yakajipenyeza nje. Kinachofanya kazi ni mchanganyiko wa grisi isiyopenda maji na mafuta ya gia mpaka uwe kama uji mwepesi, ukijaza theluthi mbili tu za nafasi ili joto lipate pa kupanukia. Grisi na mafuta: 22,000.

2 Machi: Propela ya kusubu

Sasa mwendo. Kwa simu yenye GPS, Duluti, hakuna upepo, nakanyaga mizunguko kama 50 kwa dakika bila kuhema: kilomita 5.4 kwa saa.

Wasubuji wa sufuria wanaweza kusubu chochote ukiwapa mfano. Niliwapa propela ya plastiki niliyoikunja kwa maji ya moto ili mapanga yasimame kwa pembe kali zaidi, wakaibonyeza mchangani, wakamimina aluminiamu ya vyuma chakavu. 65,000. Ilipendeza, ukiiona unaweza kuiweka sebuleni.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Propela ya zamani inasukuma karibu sentimita 28 kila mzunguko. Mizunguko 500 kwa dakika ni mita 140, sawa na kilomita 8.4 kwa saa, kama maji yangekuwa mbao na propela skrubu. Maji si mbao, yanateleza, ndiyo maana tunapata 5.4. Mpya inasukuma sentimita 36. Kwa karatasi ni kilomita 10.8.

Majini: 5.6. Na nilikuwa nahema.

Kilichotokea ni mambo mawili. Kwanza, miguu haikuweza tena mizunguko 50, ilishuka karibu na 40, faida yote ikaliwa hapo. Pili, chombo chenyewe kina ukomo. Boti ya aina hii inasukuma wimbi mbele yake, na kadiri inavyokaribia mwendo fulani unaotokana na urefu wake majini, inakuwa inapanda mlima wa wimbi lake yenyewe. Kayaki yangu inagusa maji kwa mita 3.3 hivi, ukomo wake uko kama kilomita 8.2 kwa saa, na maji yanaanza kugoma mapema kabla ya hapo. Hata mbali na ukomo huo nguvu inapanda vibaya: ukitaka kuongeza mwendo kwa sehemu moja ya tano, miguu itoe nguvu zaidi kwa zaidi ya theluthi mbili. Mtu wa kawaida anayekanyaga kwa saa nzima ana kama wati 75 hadi 100. Propela haiongezi wati. Inabadilisha tu namna unavyozitumia.

Kwa wanaouliza kama wanunue propela kubwa: kama miguu yako inazunguka bure bila kukutana na uzito, ndiyo, propela yako ni ndogo. Kama tayari unahisi uzito, hapana.

16 Machi: Kisiki

Kabla sijairudisha ya plastiki niliipeleka ya kusubu Nyumba ya Mungu. Maji yalikuwa yamepungua. Karibu na matete ikagonga kisiki kilicho kama shubiri moja chini ya maji. Mlio mmoja mfupi, pedeli zikawa nyepesi.

Kwa kawaida hapo inakatika pini. Propela inashikwa na shafti kwa pini moja ya milimita 4, ya brasi, laini makusudi. Ikigonga, pini inakatika, unaweka nyingine ya mia chache, unaendelea. Sasa kumbe kibanda kilichonifungia propela mpya waliona pini ya brasi imechakaa, wakaweka kipande cha bolti ya stenlesi "ili idumu". Imedumu kweli. Iko nzima mpaka leo. Kilichokatika ni meno matatu ya gia ndogo ya chini.

Na propela ya plastiki ingepasuka panga kabla ya gia, kwa hiyo aluminiamu nayo ina mchango wake. Kwenye mtambo kama huu lazima kiwepo kitu dhaifu, na lazima wewe uwe umekichagua. Nimenunua ufito wa brasi wa milimita 4, shilingi 10,000, nimekata pini za kutosha, zinakaa kwenye kichupa cha dawa pamoja na kibano cha kuzitolea.

Nilirudi nchi kavu kwa kafi. Wavuvi wa mitumbwi walinipita wakicheka, mmoja akauliza, "Baharia, gari limeisha mafuta?"

Gia: mzee wa Unga Limited alisema kuchonga gia ya pembe kwa kerezo hawezi, na anayekwambia anaweza, akuonyeshe. Mwingine akapendekeza gia za grainda. Tuliifungua moja iliyokufa tukapima. Ni za pembe kweli na chuma chake kizuri, ila jozi moja haifiki uwiano ninaouhitaji, na tundu la shafti halilingani. Nimeagiza jozi kutoka China, pamoja na propela ya plastiki ya akiba. Gia na usafiri 240,000, propela 85,000.

20 Aprili: Kazi za wakati wa mvua

Gia ziko njiani, masika inanyesha, kwa hiyo nimeshughulikia yasiyohitaji gia.

*Magoti.* Mikono ya pedeli ya kiwandani ni milimita 170, sawa na ya baiskeli kubwa. Lakini kwenye baiskeli mwili uko juu ya pedeli. Hapa umekaa umeegemea, miguu mbele, na goti linapanda hadi karibu na kifua kila mzunguko. Nilitaka milimita 150. Wazo la kwanza lilikuwa kutoboa tundu jipya kwenye mikono ileile, likakwama: pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume, na hakuna niliyemkuta mwenye tepu ya kukata nyuzi hizo za kushoto. Suluhisho lilikuwa mitumbani. Baiskeli ya mtoto kutoka Japani, 60,000, mikono yake ni milimita 152 na tundu lake la mraba limekaa kwenye ekseli yangu bila kuguswa. Mwanangu amepewa kilichobaki cha baiskeli na hajafurahi.

Kiti nacho kimesogezwa: pedeli ikiwa mbali kabisa, goti libaki limekunjika kidogo, lisinyooke.

*Kuinua mtambo.* Hili ndilo ninaloliona la maana kuliko yote. Propela ikinasa uzi au majani, kiwandani walidhani utainama, utie mkono chini ya kayaki, usafishe. Nyumba ya Mungu ina mamba. Mkono wangu hauingii. Kuchomoa mtambo wote juu, kilo kama nane, ukiwa umekaa na upepo unakuzungusha, nako si kazi ya kurudiarudia.

Nimeweka bawaba ya stenlesi mbele ya tundu na kamba inayopita kwenye kapi dogo hadi pembeni ya kiti. Vuta, mtambo unalala kwa mbele, propela inatokea tunduni, unasafisha mikono ikiwa ndani ya boti. Kinachoushikilia chini wakati wa kukanyaga ni mipira ya tyubu, ileile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda. Ile lachi ya plastiki iliyokuja nayo ilikuwa imeshapasuka. Mpira una faida nyingine: ukigonga kisiki, mtambo unapiga hatua nyuma kidogo kabla pini haijakatika. Bawaba na kuchomelea 35,000, mipira 3,000.

Tatizo lililojitokeza: propela ya mapanga mawili inapita tunduni ikiwa imesimama wima tu, na iko chini, huioni. Kwa kuwa uwiano ni kumi kamili, pedeli ikisimama sehemu moja ileile, propela nayo inasimama vilevile. Nikapiga alama ya rangi. Haikutosha. Kosa la digrii tisa kwenye pedeli ni digrii tisini kwenye propela, yaani imelala kabisa. Jicho haliwezi usahihi huo. Sasa kuna tundu la milimita 6 kwenye mkono wa pedeli na lingine kwenye mwili wa mtambo, nachomeka bolti, propela inasimama wima bila kubahatisha. Ndipo navuta kamba.

18 Mei: Gia zimefika

Kufunga gia za pembe si kuziweka tu na kukaza. Zikibanana sana zinalia na kula nguvu, zikiachana sana zinagonga na kukatika meno. Unazisogeza kwa washa nyembamba nyuma ya kila gia. Za unene ninaoutaka hazipatikani madukani, nikakata za majaribio kwenye kopo la soda, ambalo ukuta wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita.

Kujua meno yanagusana wapi nilipaka rangi ya mdomo ya mke wangu kwenye meno ya gia moja, nikazungusha kwa mkono, nikatazama alama iliyohamia kwenye ya pili. Mara ya kwanza alama ilikuwa ukingoni, upande mnene wa jino. Nikapunguza washa moja nyuma ya gia ndogo, alama ikasogea. Inatakiwa ikae katikati ya jino, au ielekee kidogo upande mwembamba, kwa sababu ukikanyaga kwa nguvu gia zinasukumana na alama inahama. Baada ya kupata unene sahihi, mzee alinikatia washa za kudumu za stenlesi na hakunitoza.

Rangi ya mdomo ya bei rahisi ni bora kuliko ya bei ghali, haikauki. Hili nimeambiwa kwa sauti ya juu.

8 Juni: Nyumba ya Mungu

Propela ya plastiki, mikono mifupi, gia mpya. Mwendo: 5.5 asubuhi kwenye maji tulivu, karibu sawa na mwanzo. Tofauti iko kwingine. Mtambo haulii. Miguu inazunguka kwa raha zaidi kwa kuwa mikono ni mifupi, na magoti yamenyamaza. Upepo wa mchana ulipoanza, nilirudi dhidi yake kwa kilomita 4 hivi bila kupumzika, jambo ambalo awali sikuliweza.

Kunasa kumetokea, mara matete, mara uzi. Bolti, kamba, kisu, kamba, bolti: dakika moja au mbili, mikono mikavu. Uzi ulikuwa umejiviringa nje ya kikombe kama ilivyokusudiwa. Nilipofungua kichwa nyumbani, uji wa grisi ulikuwa na rangi yake.

29 Juni: Mapezi, gharama, na kinachofuata

Mvuvi mmoja wa Moshi ana kayaki ya Hobie yenye MirageDrive, mfumo uliotoka 1997. Hauna propela. Una mapezi mawili yanayopunga kushoto na kulia chini ya boti. Tulibadilishana viti kwa muda. Ukisukuma pedeli moja mbele kabisa, mapezi yanalala bapa tumboni mwa boti, unateleza juu ya majani. Hapo nilimwonea wivu. Yeye alibadilisha mapezi ya kawaida akaweka yale marefu, Turbo: boti ikasonga zaidi kwa kila kanyago, na miguu ikachoka zaidi, hadithi ileile ya propela yangu. Alipolegeza skrubu ya kona ya nyuma ya pezi, pezi likawa laini na miguu ikapata nafuu. Wa kwake ni wa zamani, unakwenda mbele tu. Matoleo ya baadaye, MirageDrive 180, yanarudi nyuma pia. Mimi nikitaka kurudi nyuma nakanyaga kinyumenyume tu, na kambale akishaelekea kwenye matete hilo lina thamani yake.

Jumla ya matumizi mpaka leo, bila nauli na mafuta ya gari, ni shilingi 601,000. Kati ya hizo 305,000 ni propela ya kusubu na gia zilizovunjika. Anayeanza leo na kuacha pini ya brasi mahali pake atatumia nusu.

Kinachofuata ni usukani. Kwa upepo wa ubavuni ule wa kiwandani ni mdogo, na waya zake zinalegea. Nitaanza na waya.

Atakayenakili kola: aluminiamu, tundu la ndani milimita 28, kina 16 ili sili mbili za 7 ziingie na kubaki nafasi ya grisi katikati, bolti nne ndogo, na silikoni ya gasketi kwenye uso wa kukutania. Paka grisi mdomo wa sili kabla ya kuipitisha kwenye shafti, na vua propela utazame nyuma yake kila ukitoka majini.